Pembe ya Saumu Katika Sinia la Mama

Wali wa nazi una harufu mbili. Ya kwanza hutoka tui linapochemka, nyepesi na tamu, kama maziwa yaliyotiwa sukari. Ya pili huja baadaye, Mama akishapalia makaa juu ya kifuniko, wali ukaanza kukauka na chini ya sufuria ukashika ukoko. Hiyo ya pili ndiyo iliyokuwa ikituita nyumbani. Tulikaa Likoni, upande wa Mtongwe, nyumba ya vyumba vitatu iliyoezekwa mabati, na harufu hiyo ilitoka jikoni nyuma, ikapita ukumbini, ikatufuata hadi kwenye mchanga tulikokuwa tukicheza. Hakuna aliyeitwa kwa jina. Ukiisikia, unanawa mikono, unakaa mkekani, unangoja sauti ya sinia. Sinia letu lilikuwa la bati lililopakwa rangi nyeupe, limebanduka hapa na pale, na ukingoni lilikuwa na waridi moja jekundu. Mama akilitua sakafuni lilitoa mlio mfupi, mkavu. Mpaka leo nikisikia chombo cha bati kikigonga sakafu mate hunijaa kinywani, na papo hapo naona haya, kama mtu aliyeshikwa akila mchana wa Ramadhani.

Kwa asiyekulia Pwani, nieleze kwanza namna watu wanavyokula sinia moja, maana bila hiyo hadithi yangu haina miguu. Wali unapakuliwa ukawa kilima kimoja, unasawazishwa kwa mwiko, mchuzi unamwagiwa juu, na samaki anawekwa katikati. Mnakaa kulizunguka. Kila mtu anakula kilicho mbele yake, kuanzia ukingoni kuelekea katikati, kwa mkono wa kulia. Hakuna mstari uliochorwa, lakini kila mtu anaujua wake. "Kula mbele yako" niliambiwa kabla sijaijua alifu. Mkiwa wawili, kila mmoja ana nusu. Mkiwa watatu, kila mmoja ana theluthi. Na mkiinuka wali ukabaki, mtu anaweza kusoma ni nani alikaa wapi, kwa sababu kila mlaji huacha njia yake, pana kwenye ukingo na nyembamba kwenye kitovu, na baina ya njia hizo husimama vijikuta vya wali. Mimi na kaka yangu Hamisi, aliyenizidi miaka mitatu, tulikuwa na ukuta mmoja tu, na vita vyetu vyote vilipiganwa hapo.

"Umevuka, wewe."

"Sijavuka. Umeporomoka wenyewe."

Mama akitusikia alisema kutoka jikoni kwamba ataliondoa sinia atupe sahani kama wagonjwa. Tulinyamaza. Kula sahani peke yako ilikuwa adhabu.

Mwaka nilipokuwa darasa la tano, mvua za masika zikiwa zimeanza, aliletwa Saumu. Alikuwa binti wa mama mdogo Zuhura, mdogo wake Mama wa tumbo moja, na tulikuwa rika. Zuhura alikuwa amepata kazi ya ndani Uarabuni. Baba yake Saumu alishaondoka zamani na hakuna aliyemtaja. Siku ya kumleta, Zuhura alikaa ukumbini na mkoba mapajani, hakuuweka chini hata alipokunywa chai, akasema, "Dada, huyu ni wako. Mimi nimemzaa tu." Mama akamjibu, "Zuhura, usinitie aibu. Wakila wangu, atakula na yeye. Utaniambia nini zaidi?" Wakakumbatiana mlangoni, wakalia wote wawili. Nataka jambo hili lieleweke: Mama hakuwa akiigiza. Alilia kweli, na usiku ule alimlaza Saumu kwenye godoro langu kwa shuka mpya.

Mwanzoni ilikuwa raha. Saumu alikuwa mwembamba, mwenye macho makubwa na maneno machache, lakini yakitoka yanatoka yamenolewa. Hamisi alimwita Kitunguu kwa ajili ya jina lake. Saumu akamwambia, "Sawa, mimi kitunguu. Wewe ukinikata utalia." Tulicheka mpaka Mama akauliza tuna nini. Mkekani tulikaa watatu kwa nafasi sawa, kuta tatu badala ya moja, na mimi sikuhisi kupunguziwa chochote. Baba, aliyekuwa akifanya kazi Changamwe kwenye maghala, alikuwa nyumbani siku za Jumapili, anakula kwenye kiti na sahani yake kwa sababu ya goti, na alikuwa akitutazama huku akisema sasa sinia limependeza.

Kisha simu ya Zuhura ikanyamaza. Tulikuja kujua baadaye kwamba mwajiri wake aliichukua, lakini wakati ule hatukujua lolote. Wiki ya kwanza Mama aliomba dua. Zilipopita nyingine, akaanza kukasirika. Namfahamu Mama, akiogopa, hukasirika, na mimi nimerithi tabia hiyo nzima nzima. Alimwogopea mdogo wake, na aliogopa pia kwamba mtoto huyu atabaki hapa maisha. Alikuwa akisema peke yake akichuna mchicha, "Mtu anakutupia mtoto, anapotea." Hasira hiyo haikuweza kuvuka bahari kumfikia Zuhura. Ikafika mkekani.

Wallahi, Mama hakumnyima Saumu chakula. Hakumpiga, hakumtukana, hakumtuma zaidi yetu. Jirani yeyote angeapa kwamba watoto wale watatu wanalelewa sawa. Alichofanya ni kidogo hata kukitaja ni kama uchokozi. Alihamisha mkeka. Badala ya kuutandika katikati ya ukumbi, aliusogeza kwenye kona, baina ya kabati la vyombo na ukuta, akasema hapo hapana upepo wa vumbi. Kisha akawa anatupanga mwenyewe: "Hamisi, hapa. Mejumaa, hapa. Saumu, ingia huko ndani, wewe ni mwembamba." Huko ndani mtu hakuweza kufungua mabega. Kiwiko cha kulia kiligonga kabati, cha kushoto kiligusa ukuta. Mimi na Hamisi tulikuwa na ukumbi mzima nyuma yetu, tukakunja magoti, tukajitanua. Na samaki, aliyekuwa akiwekwa katikati, akaanza kuwekwa karibu na lile waridi. Waridi likawekwa siku zote upande wetu.

Mimi sikuona kitu. Niliona nina nafasi na samaki yuko karibu, basi nikala. Nilikuwa mtoto wa miaka kumi na moja, na mtoto aliyeshiba hatazami sinia, anatazama mlango. Lakini mwili wangu ulinenepa mwezi ule. Nakumbuka Mama akinibana shavu, akifurahi.

Ndipo kule shuleni tukaingia kwenye somo la pembe. Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa mtu wa Kisauni, mrefu, mwenye sauti ya kuchoka, na vitabu vyetu vilikuwa vya Kiingereza lakini yeye akitaka jambo liingie alilisema kwa Kiswahili. Aliuliza pembe ni nini. Mmoja akasema ni kona ya dawati. Mwingine akasema ni ncha ya kitabu. Akasema hapo mmenionyesha mahali, hamjaniambia kitu chenyewe. Akatutoa uwanjani. Alimsimamisha mvulana mmoja katikati ashike ncha ya kamba, na ncha nyingine akampa Saumu, akamwambia aivute hadi ikaze, kisha atembee polepole kumzunguka yule wa katikati. "Simama," akasema alipokwenda kidogo. "Mnaona? Pembe ni huku kugeuka kwa kamba, kutoka pale alipoanza mpaka hapa alipo. Si urefu wa kamba. Kamba hata ikiwa ndefu kutoka hapa mpaka feri, kama imegeuka kidogo, pembe ni kidogo." Akamwambia aendelee. Robo, nusu, robo tatu, akituonyesha kila mara nafasi iliyofunguka na nafasi iliyobaki, na akisema kwamba nafasi zote zinazoizunguka nukta moja zina jumla moja tu, haiongezeki. Moja ikipanuka, nyingine lazima ibanwe. Hakuna pa kwenda kuazima.

Saumu alipofika alipoanzia, mwalimu akamsimamisha tena. "Sasa huyu ametembea duara zima. Amerudi palepale. Kama mngefumba macho mkafumbua, mngesema hakusogea. Haya, Saumu, una tofauti gani na ulipokuwa unaanza?"

"Nimechoka, mwalimu," Saumu akasema.

Darasa zima liliangua kicheko, hata mwalimu. Saumu hakucheka. Alikuwa ametazama chini, kwenye alama ya mviringo ambayo miguu yake ilikuwa imeichora mchangani, na yule mvulana katikati kama samaki.

Jumapili iliyofuata tulikula changu wa kupaka. Baba alikuwa kwenye kiti chake. Mama alitua sinia, waridi likaja upande wangu na Hamisi kama kawaida, samaki juu yake, mafuta ya nazi yakimchuruzika. Mama akarudi jikoni kuchukua ndimu. Tukasema Bismillahi. Kabla sijatia mkono, Saumu aliweka ncha za vidole vyake ukingoni mwa sinia akaligeuza. Hakulivuta, hakulisukuma. Aliligeuza tu, taratibu, likazunguka nusu juu ya mkeka, na samaki akaenda akasimama mbele yake.

"We Kitunguu, vipi?" Hamisi akasema.

"Nimeligeuza."

"Kwa nini?"

"Tuone."

Ndipo nilipoona. Kwa mara ya kwanza upande wake ulikuwa mbele yangu, na upande wetu ulikuwa kwake, na nikatazama mahali alipokaa: magoti yamebanwa kifuani, kiwiko kimeshikana na mbavu, mkono unatoka kama unatoka dirishani. Nilifungua mdomo. Sijui nilitaka kusema nini. Mama alikuwa ameshafika na ndimu, amesimama mlangoni. Alitazama sinia, akamtazama Saumu. Akaja, akainama, akaliwekea mkono sinia. Angeweza kulirudisha lilikotoka. Hakulirudisha. Aliliendeleza mbele, kuelekea kulekule Saumu alikokuwa akilipeleka, kwa mkono mwepesi kama mtu anayemsaidia mwenzake kazi, mpaka lilipomaliza duara na waridi likarudi kwetu. "Haya, kuleni," akasema. "Wali unapoa."

Nilimtazama Baba. Alikuwa ameona yote, kwa kuwa kiti chake kilikuwa juu yetu. Alilishika tonge lake njiani, akalirudisha kwenye sahani. Kisha akalichukua tena akalila. Baba alikuwa mtu mwema, na amekufa mtu mwema, lakini tonge lile silisahau.

Baada ya siku hiyo Saumu hakugusa tena ukingo wa sinia. Alikula njia yake, nyembamba, iliyonyooka, kama ya kisu. Alikuwa akianza mahali pa upana wa vidole vitatu na kwenda moja kwa moja mpaka kitovuni bila kupanuka. Mimi nilijaribu mara mbili tatu kumsukumia kipande cha samaki kwa kidole gumba, Mama asipotazama. Alikila. Hakunishukuru, na haikufaa anishukuru. Sikumwambia Mama lolote. Nilikuwa nikimpenda Mama, na nilikuwa nikipenda samaki.

Zuhura alirudi siku chache baada ya Idi, bila kupiga simu, saa sita mchana. Alikuja na mfuko mmoja wa plastiki. Amekonda, mikono imebabuka kwa sabuni, na alipomwona Saumu alikaa chini palepale mlangoni. Mama alipiga kelele ya furaha, na hiyo nayo haikuwa ya kuigiza. Akaingia jikoni kama mtu anayepika arusi. Alichinja kuku. Akapakua sinia zima, akatandika mkeka katikati ya ukumbi, mahali pake pa zamani, akasema, "Kaeni wawili, mama na mwanawe. Leo hakuna wa kuwasumbua." Sisi tukala jikoni kwenye sufuria. Lakini nilichungulia. Nilimwona Zuhura akizungumza zaidi ya kula, akimgusa Saumu nywele, na Saumu akiitikia "abee, mama," "eeh, mama," huku akila.

Walipoinuka kunawa, Mama alikuja kuondoa sinia, Zuhura akamzuia kwa mkono. Alikuwa ametazama chini. Upande wake mwenyewe alikuwa ameula ovyo, huku na huku, kama wanavyokula watu wenye maneno mengi. Upande wa Saumu wote ulikuwa mzima, wali umesawazika kama ulivyotoka jikoni, mapaja ya kuku hayajaguswa, isipokuwa kijia kimoja chembamba kutoka ukingoni mpaka katikati. Nusu ya sinia ilikuwa yake, ukumbi mzima ulikuwa wake, na alikuwa amekula kana kwamba kabati bado liko begani. Zuhura alikitazama kijia kile kwa muda. Alikuwa amelelewa kwenye sinia kama sisi, alijua kusoma. Kisha akamtazama dada yake.

"Ahsante, dada," akasema, "kwa kunilelea."

Mama alishika sinia kwa mikono miwili na hakulinyanyua. Zuhura akafunga nguo za Saumu kwenye leso, na kabla ya alasiri walikuwa wameondoka kwenda Kisauni kwa rafiki yake. Hawakulala kwetu usiku hata mmoja. Tangu hapo Mama na mdogo wake wanakutana matangani. Wanapeana mikono, wanaulizana hali, kila mmoja anakaa ukuta wake.

Nimeandika haya kwa hasira, na sina nia ya kuificha. Watu wa kwetu wanapenda kusema mtoto ni wa wote, wanalisema kwa sauti nzuri, wamekunja miguu kwenye mkeka. Mimi nimelisikia neno hilo tangu nizaliwe na nikaliamini tena nikiwa mtu mzima, na hapo ndipo pananiuma. Nina binti, Nuru, wa miaka minane. Baba yake alikwenda zake na mimi sikumkimbilia. Nilimaliza kidato cha nne, nikatafuta, nikapata kazi ya kufua na kupiga pasi shuka kwenye nyumba za kulala wageni huko Nyali, zamu ya kuingia alfajiri na nyingine ya kutoka usiku, na mwaka jana nikampeleka Nuru Likoni. Mama sasa anakaa na Hamisi na mke wake na wana wao wawili wa kiume. Nilisema maneno yaleyale. Nilikaa ukumbi uleule, mkoba mapajani, nikamwambia wifi, "Huyu ni wako." Nilijua ninachokisema kilishawahi kusemwa pale. Nikakisema hivyohivyo, kwa sababu nilikuwa nimechoka na alfajiri ilikuwa inakuja.

Mwezi uliopita Mama akanipigia simu. "Mejumaa, njoo umchukue mtoto wako."

"Mjukuu wako amekushinda, Mama?"

"Njoo."

Nilivuka feri nimejaa maneno. Nilitaka kumwambia Mama kwamba alimtesa Saumu na sasa anamfukuza wangu. Nilimkuta amekaa peke yake ukumbini, magoti yamevimba, na mbele yake sinia limefunikwa kawa. Watoto walikuwa wamekula na kwenda kucheza. Mke wa Hamisi alikuwa mlangoni, amenuna, kwa kuwa aliomba sinia aoshe akakataliwa. Mama hakunisalimu. Nilipomwamkia aliitikia marahaba kwa kichwa tu, akanyoosha mkono, akainua kawa.

Njia mbili pana, za wavulana. Na moja nyembamba, ya upana wa vidole vitatu.

"Unaikumbuka?" Mama akasema.

"Naikumbuka."

"Basi mchukue."

Maneno yote niliyovuka nayo feri yaliniishia. Hamisi alitoka chumbani akaanza kunieleza kwamba mtoto anajibana mwenyewe, hakuna aliyembana, mke wake anawapakulia sawa. Nikamwambia, "Hamisi, kaa kimya, wewe ulikuwa umekaa kwenye waridi." Lakini sikupata raha ya kumnyamazisha, maana nami nilikaa palepale karibu naye, na wifi hakumchukua mwanangu kwa nguvu. Mimi ndiye niliyemshika mkono nikamleta nikamwingiza huko ndani. Mama aliosha sinia mwenyewe, akalikausha kwa leso yake, akanipa. "Nenda nalo," akasema. "Mimi silitaki humu tena." Hakuomba radhi, wala mimi sikumdai. Aliyestahili kuombwa radhi alikuwa Kiembeni, na watoto wake wawili.

Nikampigia huyo Saumu usiku uleule. Hatuzungumzi mara nyingi. Nikamwuliza kama wakati ule alikuwa akijua.

"Mejumaa, mimi nilikuwa na njaa, sikuwa kipofu."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema. Niligeuza sinia." Nikasikia akifunua sufuria. "Hata wewe uliona siku ile. Nilikuona ukiona."

Nikamwuliza, kwa kutafuta tu neno, siku hizi kwake wanakulaje. Akasema wanakula sahani, kila mtu na yake. "Sahani yangu ni duara zima, sigawani na mtu. Na usinililie kwenye simu, mwanangu, wali wangu unaungua." Akakata.

Siku hizi nyumba nyingi zimehamia sahani kama Saumu, na wazee wanalalamika kwamba mapenzi yamepungua. Mimi sijui. Sinia lilitufundisha kukaa pamoja, na kukaa pamoja si kazi ndogo. Lilitufundisha pia kubana mtu bila kumgusa. Lakini angalau lilikuwa likisema ukweli watu wakishainuka. Sahani ikioshwa imeoshwa. Mtoto anaweza kula robo tumbo mwaka mzima kwenye sahani yake nzuri, na hakuna Zuhura atakayeliona hilo.

Nimeacha zamu ya usiku. Chumba chetu cha Kisauni ni kidogo na sasa mambo yamebana, sitawadanganya. Jioni tunakula mimi na Nuru, wawili, kwenye sinia la Mama, katikati ya sakafu, hakuna kabati karibu. Juzi alirudi na kazi ya shule. Wanajifunza kugeuka: robo, nusu, mzunguko kamili. Alisimama mbele yangu akazunguka mpaka akanitazama tena, akauliza, "Mama, mtu akizunguka akarudi palepale, amegeuka au hajageuka?" Nikamwambia tule kwanza.

Nusu ya sinia ilikuwa yake, na waridi nililiweka upande wake. Alitia mkono mahali pale pa vidole vitatu akaanza kwenda katikati, amenyooka, bila kuangalia huku wala huku. Nilimngoja afike. Alipofika kitovuni akasimama, akasema ameshiba. Nikaweka ncha za vidole ukingoni nikaligeuza sinia kidogo, kiasi cha upana ule ule, wali mpya ukaja mbele yake. Alinitazama. Nikaendelea kula kwangu kama sijafanya kitu. Akala kijia cha pili. Nikaligeuza tena. Tulikwenda hivyo, kidogo kidogo, yeye akila vijia vyake na mimi nikigeuza, mpaka kuta zote zikaanguka na bati likaonekana limechubuka.

"Waridi limerudi kwangu," Nuru akasema, akaramba vidole.

Nilikuwa nimeshika ukingo wa sinia na sikuuacha. Lilikuwa limezunguka duara zima na safari hii halikurudi kama lilivyoanza. Lakini nilimtazama mwanangu alivyokaa, kwenye sakafu tupu, hakuna ukuta, hakuna mtu wa kumbana, na viwiko vyake bado vilikuwa vimebana mbavu. Kesho nitaligeuza tena.